Ngawa wa Binti Mshamu

Kuku watatu, doti moja ya kanga mpya, na kicheko cha mtaa mzima ambacho hata leo kikikosa kazi hunirudia. Hiyo ndiyo gharama ya jambo nitakalokusimulia. Nimeihesabu, nikaihesabu tena, maana mimi kitu sikihesabu mara moja, na kila nikifika mwisho naona niliuziwa rahisi.

Mwanangu, juzi ulikuja kuniazima gunia. Nikakupa bila kuuliza, nikidhani unakwenda kutilia korosho. Leo nimesikia kwa watu kwamba umepata nyumba Dar es Salaam, nyumba ya saruji yenye dirisha la kioo, na yule paka wako mwenye jicho moja hana nafasi humo. Gunia ni lake. Utamtia, utafunga mdomo, na lori likisimama Somanga penye wauza samaki utamshusha, kwa kuwa pale, umesema, hatakosa chakula.

Sikukasirika. Mtu aliyewahi kubeba gunia kama hilo hana uso wa kumkaripia mwenzake. Lakini safari yako ni Jumamosi na paka haendi popote, basi kaa kitako uyasome haya.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu si ya harusi yangu. Ni ile niliyopanda njia ya Singino, jua la alasiri usoni, gunia kichwani, na gunia linapumua. Ila nikianzia hapo nitakuwa kama muuzaji anayetaja bei mteja hajaiona bidhaa. Ngoja nikufungulie mzigo.

Nililelewa Kilwa Kivinje na shangazi yangu, dada wa baba, Binti Mshamu. Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi: kusinga liwa, kufukiza udi, kuchanganya mafuta ya kunukia. Mdachi, yaani Mjerumani, alikuwa amekwisha jenga boma lake na kuanza kutuhesabu vichwa kwa ajili ya kodi, lakini hapakuwa na bibi harusi mjini aliyetoka ndani bila kupita mkononi mwa Binti Mshamu. Siri ya mafuta yake ilikuwa zabadi, na zabadi ilitoka kwa Subira.

Subira alikuwa ngawa. Ninyi vijana hamjui ngawa ila nyayo zake, basi nikueleze. Ni mnyama wa porini, mkubwa kuliko paka na mfupi kuliko mbwa, ana madoadoa ubavuni, na machoni ana weusi kama mtu aliyepakwa wanja na mkono unaotetemeka. Chini ya mkia ana kifuko, na ndani ya kifuko mna zabadi, nzito, rangi yake kama samli. Ukiinusa peke yake utaikimbia nyumba. Ukitia tone moja katika mafuta, watu wataikimbilia nyumba hiyo hiyo. Mungu ana biashara zake.

Wako waliofuga ngawa kabla yetu, na wengi waliwafuga vibaya. Tundu lilikuwa jembamba mnyama asiweze kugeuka, na palikuwa na kijiti cha kumchokozea, kwa kuwa walisema ngawa mwenye hasira hutoa zabadi nyingi. Shangazi hakuwa hivyo. Subira aliletwa kwetu na wachimba sandarusi, ile gundi ya miti inayofukuliwa ardhini, angali kinda la kutia kofiani, na kofiani ndimo walimomtoa. Akamlea kwa maziwa ya mbuzi na kitambaa cha kunyonya. Akamtengenezea tundu kwa mbao za kitanda kibovu, pana kiasi cha mnyama kutembea na kujinyosha, na kijiti hakikuingia nyumba ile. Alimkuna nyuma ya masikio mpaka afumbe macho, kisha akapitisha kijiko cha pembe, basi. Zabadi yetu ilikuwa kidogo kuliko ya wenzetu, nami nililalamika.

"Kidogo cha ridhaa kinanukia kuliko kingi cha ghadhabu," alikuwa akisema.

Kama ni kweli, sijui mpaka leo. Lakini nilijifunza kuwaambia wateja neno hilo, na likapandisha bei.

Maana mimi ndiye niliyeuza. Shangazi alichanganya, mimi nikapatana. Nilikuwa na miaka kama ya binti wa huyu jirani yako sasa, mwembamba, mdomo mrefu, na nilikuwa na jina kwamba mtu akinunua kwangu anakwenda nyumbani akidhani amenipunja, mpaka afike mlangoni. Watu walitucheka kwa ajili ya ngawa, ila kwa upole. Mji ule ulimpenda paka, ulimvumilia punda, na mbwa ulimwachia bwana wa boma, ambaye wa kwake aliogeshwa kwa sabuni, na mpishi akatuapia sokoni kwamba mbwa yule anasemeshwa Kidachi na anaelewa kuliko askari. Ngawa hakuwa na fungu popote. Si wa nyumbani kama paka, si wa porini kama ndugu zake. Alikuwa wa Binti Mshamu, na hilo likamtosha.

Kisha vita vikaja. Huko milimani kwa Wamatumbi watu walichoka na pamba ya viboko, wakanywa maji ya dawa, wakainuka, na risasi zikawapata. Habari za mapigano zitafute kwa walioyaona. Mimi nilikuwa mjini, na nilichokiona ni kilichofuata. Mtama ulichomwa ghalani na shambani, na njaa ikateremka kutoka milimani mpaka ikafika pwani kwetu, polepole, kama mgeni anayebisha hodi kila nyumba. Watu wakala ming'oko, vile viazi vya porini, wakala mizizi ambayo hata jina haina. Harusi zikakoma. Mtu aliyejifunga tumbo kwa kamba haoi.

Uani kwa jirani yetu, Mzee Mchopa, alipokewa mwanamke kutoka upande wa Kinjumbi, na binti yake mdogo aitwaye Somoe, kwa hiyo sote tulimwita Mama Somoe. Kijiji chao kilikuwa kimechomwa. Alikuja na mtoto mgongoni na tenga kichwani, na ndani ya tenga mlikuwa na kuku watatu. Watu walishangaa. Mtu anakimbia moto, anaokoa kuku? Na kwa njaa ile, mbona hakuwachinja njiani?

"Wanataga," alijibu, hakuongeza neno. Nami niliyemjua kuku kwa bei yake niliona kwamba hawatagi. Walikuwa wamekonda kama mwenyewe.

Hapo ndipo akili yangu ya biashara ilipoanza kuniwasha. Subira alikula ndizi, dagaa, na yai likipatikana. Zabadi yake haikuwa na mnunuzi. Nilipiga hesabu kwa vidole, nikapiga tena kwa punje za kunde, jibu likawa lile lile: mdomo unaokula na kifuko kisichouzika. Na kisimani maneno hayakukosekana.

"Tatu," aliniambia mwenzangu mmoja, maana ndilo jina langu, "mwambie Binti Mshamu anifuge na mimi. Mkia sina, lakini ndizi naijua."

Nikacheka nao, nikajitwika mtungi na aibu kwa pamoja.

Nilipofika nyumbani nilimwambia shangazi kwamba si vizuri, watu wanachimba mizizi na sisi tunamlisha mnyama.

"Anakula fungu langu," akasema. "La kwako nimeligusa?"

Hakuligusa. Na hicho, mwanangu, ndicho kilichokuwa kikiniuma hasa, wala usidhani ulikuwa ubahili mtupu. Mashavu ya shangazi yalikuwa yamebonyea. Bangili zake zilizokuwa zikikwama kwenye kiwiko sasa zilishuka zenyewe hadi kwenye vidole, akawa anazivua kabla ya kunawa zisije zikamtoka. Nilimpenda shangazi kuliko ngawa, nikadhani mapenzi ni mizani, ukipunguza upande huu ule mwingine utanyanyuka. Nikamwambia kwamba mtu wa mtaa wa pili amemwua ngawa wake na kuuza ngozi.

Alikuwa akimkuna Subira masikio. Hakugeuka.

"Umehesabu anachokula, Tatu. Alichokwisha kutulisha umekiweka wapi?"

Alichokwisha kutulisha kilikuwa kimekwisha liwa, na mimi sikuwa na desturi ya kuhesabu kitu kilichokwisha.

Haukupita muda shangazi akaitwa Kilwa Kisiwani kwenye matanga ya shoga yake. Aliondoka asubuhi, akaniachia ndizi za Subira na maagizo marefu kuliko ndizi zenyewe. Alasiri nilichukua gunia. Nikajitanda kanga zangu mpya, doti niliyotunzwa na bibi harusi wa mwisho kabla ya vita, ili wanaonikuta njiani wadhani nakwenda kutembelea watu. Mtu aliyevaa vizuri haulizwi amebeba nini.

Nilipofungua mdomo wa gunia Subira aliingia mwenyewe. Aliingia kwa kuwa ndani palikuwa na ndizi, na kwa kuwa mkono ulioshika gunia aliujua. Hilo ndilo nisilopenda kulikumbuka, ndiyo maana nimelichomeka hapa katikati ya maneno mengine.

Njiani akaogopa. Sasa, ngawa akiogopa humwaga zabadi. Ikapenya gunia, ikashuka kwenye kanga, ikaingia kwenye nywele na shingoni. Kwa miaka yote ya kijiko cha pembe hatukuwahi kupata kwa mara moja zabadi kiasi kile, na yote ilinimwagikia mimi, kwenye njia ya Singino, pasipo mteja hata wa kumpa bure.

Nilipofika penye vichaka nikamfungulia. Akatoka, akaketi, akautazama msitu kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Jongoo mkubwa akapita mbele yake. Ngawa wa porini, nilikuja kuambiwa baadaye, humla jongoo kama wewe unavyokula kashata. Subira alimnusa, akarudi nyuma, akanitazama, kana kwamba anauliza nani kakiweka kitu hiki hapa.

Nikapatana naye. Nilimwambia huko mbele kuna matunda, kuna panya wanono, kuna wenzake, na kwetu hakuna kitu. Akaja akaniegemeza kichwa mguuni. Nikampunguzia: basi afike tu kwenye kile kichaka cha karibu, yaliyobaki tutasaidiana. Hakusogea. Katika maisha yangu nimepatana na Wahindi, Washihiri, na mke wa akida, na hakuna aliyenishinda kama yule asiyejibu. Mwisho nikageuka nikaondoka upesi, wala sikutazama nyuma. Nyumbani nikaoga kwa ndimu, nikaoga kwa majivu, nikanukia ndimu, majivu na zabadi.

Alfajiri nikaamshwa na sauti ya Mama Somoe. Haikuwa kelele ya aliyeibiwa. Ilikuwa sauti ndogo, ya aliyefiwa. Nilipotoka nikakuta tenga limepasuliwa, kuku wote watatu wako chini, na manyoya yamesambaa uani kwa Mzee Mchopa mpaka kwetu, yakaelekea moja kwa moja kwenye tundu la kitanda kibovu nililoliacha wazi. Ndani, amejikunja, shiba tele, unyoya umenasa kwenye sharubu, Subira amelala. Porini hakupajua. Nyumbani alipajua. Aliporudi alikuta sahani tupu, akaifuata pua yake kwa jirani.

Watu wakajaa, huyu na bakora, yule na mchi. Mimi nikasema tundu limefunguka lenyewe usiku. Nikalisema vizuri, kwa sauti ile ile ninayouzia. Na moyoni, Mungu anisamehe, nikawaza kwamba wakimwua hesabu itakuwa imejifunga yenyewe, na mikono yangu safi.

Mzee Mchopa, aliyekuwa mzee wa mtaa na hana haraka hata nyumba ikiungua, akanisogelea. Akavuta pumzi. Akarudi nyuma, akapenga kamasi.

"Binti," akasema, "ngawa huyu hakutoroka. Amesindikizwa."

Watu wakacheka, hata wenye michi. Na hapo, wanacheka bado, shangazi akaingia, ametoka mashuani, mtandio umelowa chumvi. Akaona michi. Akaona manyoya. Hakuhitaji kuniuliza, maana alinisikia kwa pua tangu barazani. Alinipita. Akalipita na tundu. Akaenda mpaka alipoketi Mama Somoe, akaketi naye chini, kwenye vumbi, mwanamke ambaye hata harusini alitandikiwa zulia.

"Pole, mwenzangu," akasema. Kisha, badala ya kuuliza bei, akauliza: "Walikuwa wakiitwaje?"

Nilidhani bahari imemlevya. Kuku kuitwa? Lakini Mama Somoe aliinua uso kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo tangu Kinjumbi.

"Mweupe ni Shoga," akasema. "Mwenye kishungi ni Mke Mwenza, kwa ugomvi wake. Na huyu mdogo ni Nyamaza. Alikuwa akilala miguuni mwa Somoe. Siku tuliyojificha kwenye miti askari wakapita karibu, sisi wakubwa pumzi zilitushinda, yeye hakutoa sauti." Akamfuta vumbi yule kuku kwa upindo wa nguo. "Utaniona mjinga, nimeacha watu huko hawakuzikwa, nakuja kulilia kuku."

"Sikuoni mjinga," shangazi akamwambia. "Mimi hapa nimefunga tumbo kwa ajili ya ngawa."

Na mimi nimesimama pale nahesabu. Kuku watatu. Nikahesabu tena, watatu. Kumbe nilikuwa nahesabu nyama.

Mama Somoe akanyanyuka, akauchukua mchi kutoka kwa jirani, akalielekea tundu. Haki ilikuwa yake na hakuna aliyemzuia. Shangazi hakumzuia. Alijiziba mdomo kwa mtandio, na kwa mkono mwingine akazikamata bangili zisilie. Hapo tu, mwanangu, hapo tu nikajua kwamba nilitaka kumwondolea mzigo nikamvua nguo ya mwisho.

Subira akaamka. Akajinyosha. Akasogea mpaka kwenye mbao, akaleta kichwa chake akunwe, kwake kama kwa mtu yeyote mwenye miguu miwili, maana katika umri wake wote mkono wa mtu haukuwahi kumfanyia baya ila mara moja, na hata mara hiyo alikuwa amekwisha isamehe. Mama Somoe alimtazama muda mrefu. Akauteremsha mchi.

"Huyu hajui kama amekosa," akasema. "Anayejua yuko pale, ananuka."

Mtaa mzima ukageuka kunitazama. Kicheko kile nimekwisha kutajia katika gharama.

Watu walipotawanyika shangazi aliniketisha mbele ya tundu. Nilingoja kofi, ningelilipokea kwa furaha, kofi lina mwisho. Akanikalisha tu, akasema, taratibu, kama anayechanganya mafuta:

"Tatu, wewe unadhani umemtupa porini. Hukumtupa porini, umemtupia jirani. Mnyama wa mwituni rizki yake iko kwa Mungu moja kwa moja. Huyu tulipomtoa kwenye kofia, rizki yake ilipita kwenye mkono wetu. Ukiufunga mkono hujamwacha huru. Umemtuma akaibe. Na kama ulinionea huruma mimi, mbona hukusema, shangazi, kula? Ningekula."

Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nililichuma nikamlisha mgeni aliyekuwa na kidogo kuliko sisi sote. Siku ile ile Mama Somoe na Somoe walihamia chumba chetu cha uani, na fungu likawa moja. Nilikwenda naye kuchimba ming'oko kiangazi chote. Mwanzoni alitembea mbele na mimi nyuma, upande ambao upepo hauji, harufu yangu isimfikie. Baadaye tukawa sambamba. Maji yakipungua nilikwenda mikokoni kumtafutia Subira kaa, nikaona kwamba kumbe muda wote ule chakula chake kilikuwa kinatembea matopeni bure, ila hesabu yangu haikuwa imefika huko, kwa kuwa nilikuwa nahesabu vya jikoni tu. Alikubali kaa. Jongoo hakumkubali mpaka mwisho.

Njaa ikapita, kama vinavyopita vyote, na ikapita na watu wake. Harusi ya kwanza ilipotangazwa mtaani, zabadi yetu ikaulizwa tena. Sikutaka rupia. Nilidai mitetea watatu, tena nikapunguza bei, jambo ambalo sijalirudia. Nikampelekea Mama Somoe kwenye tenga jipya. Akawatazama, akamchukua mmoja tu, wawili akampa shangazi. Nikamwuliza huyu atamwita nani.

"Tatu," akasema. "Kwa kuwa ana makelele na hesabu zake hazieleweki."

Kuku yule aliishi sana, akawa mbishi, na kila alipotaga alitangaza mara mbili.

Subira naye akazeeka. Meno yakamtoka, zabadi ikakauka, na shangazi akawa anamponda ndizi kwa kijiko kile kile cha pembe. Siku alipokufa, aliyechimba shimo alikuwa Mama Somoe. Hakuombwa.

Sasa sikiliza, mwanangu, nikupe mizigo yako. Sikuambii ufuge mnyama, wala sikuambii kwamba kumtia ngawa tunduni lilikuwa jambo jema. Laiti mkono wangu ungefika siku zile za nyuma, wale wachimba sandarusi wangemwacha kwa mama yake. Mwitu ni wa wanyama wa mwitu. Lakini mnyama aliyekwisha uzoea mkono wa mtu hana mwitu tena. Paka wako hana Somanga. Pale penye wauza samaki wapo paka wenye macho mawili mawili na wenyeji wao, na wapo watoto wenye mawe, na yupo mama mmoja ambaye samaki wake ndio mtaji wa wiki. Wewe utakuwa umepanda lori. Yeye ndiye atakayelipa.

Watakuambia watu kwanza, wanyama baadaye. Ni kweli, watu kwanza. Hata mimi niliisema kweli hiyo, nikaitumia kama gunia, na aliyeumia akawa mtu. Mkono unaomtupa mnyama usiku mmoja huwa unajifunza kazi, kesho utaona mzee naye anakula bila kutaga. Wazee wetu wanasema usiache mbachao kwa msala upitao, na nyumba ya saruji, kwa umri wangu, nimeona nyingi zikipita. Yule paka alikuulia panya wa korosho wakati huna hata mlango. Alichokula umekihesabu. Alichokulinda nacho umekiweka wapi?

Kama kweli kule hapana nafasi, nakubali, maisha ni kubanana. Basi mlete kwangu, umpakate, unikabidhi mkononi, uniambie anapenda nini na jina lake nani, tuagane wote watatu. Mkono kwa mkono si kutupa.

Mungu aibariki nyumba yako mpya, aifanye pana kuliko kuta zake. Akupe mke atakayecheka na wewe na jirani asiyekucheka sana. Akupe uzee, na katika uzee akupe mtu wa kukupondea ndizi siku meno yatakapokutoka na huna tena unachozalisha. Amin.

Ila gunia langu nalidai. Nirudishie kabla ya Jumamosi, likiwa tupu na kavu. Nitalinusa, nami kunusa, kama kuhesabu, nafanya mara mbili.